Msimu Ambao Wifi Hakuimba

Jumapili, 7 Aprili

Mvua imeanza leo katikati ya mahubiri. Ilipiga mabati mpaka mchungaji akanyamaza, akakunja mikono na kusubiri ipungue. Wifi yangu hakuja. Ni Jumapili ya nne sasa, na hata ya Pasaka hakuonekana.

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja, nimeligeuza nikaanzia nyuma. Mimi ni fundi cherehani, na kanisani ni mwenyekiti wa kamati ya kutembelea. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Mtu akikosekana mara mbili mfululizo, wiki inayofuata niko mlangoni kwake. Vijana wananiita Mama Ukaguzi, wakidhani sijui. Najua, wala sikasiriki, kwa sababu hakuna niliyemfuata akabaki nje. Mlevi wa nyuma ya soko alirudi. Mwalimu aliyesoma vitabu vyake akaona ametuzidi akili sote, naye alirudi. Nasema hivi bila kujivuna. Haya, kwa kujivuna kidogo.

Safari hii aliyekosekana ni wa nyumbani kwangu: dada wa mume wangu, mkunga wa kliniki, sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Kwa ajili ya undugu nilimwongezea wiki mbili. Leo kwaya iliimba bila yeye, ikawa kama gauni lililokatwa bega moja. Kesho naenda.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda. Nilimkuta anapiga pasi sare yake ya kazi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, maandiko nimeyaweka alama kwa vipande vya kitambaa, kila rangi na hoja yake. Nilisema karibu nusu saa. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho alisimamisha pasi, akaniuliza, "Umemaliza, wifi?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi kunywa chai, inapoa."

Tukanywa. Tukazungumza juu ya bei ya vitambaa na goti la mume wangu. Nimerudi nyumbani nikiona kazi imekwenda vizuri.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Wateja hawaji kuchukua nguo, wala mimi sina pa kuzianika zilizofuliwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo mume wangu ameniambia jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu mwanzo. Yeye ni fundi wa kuchomelea, maneno yake huyatoa kwa kipimo. Alikuwa ananawa mikono, akasema tu, "Unajua kwamba dada yangu alifiwa na mgonjwa mikononi?"

Ilikuwa mwezi wa tatu. Mke wa yule mpaka rangi, aliyepaka kuta za zahanati na shule, alikuja kujifungua mimba yake ya kwanza. Mtoto alitoka salama, wa kike. Kisha mama akaanza kuvuja damu. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine. Wifi alifanya yote anayoyajua, na anayajua mengi, kisha akaweka mkono mmoja juu ya paji la uso wa yule mgonjwa akaomba kwa sauti, wauguzi wote wakisikia. Yule mama alikata roho kabla ya amina.

Msiba tulikwenda sote. Nilipika pale, nikaosha masufuria. Lakini hakuna aliyeniambia nani alikuwa chumbani, wala mimi sikuuliza. Mama Ukaguzi mzima.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuja. Baada ya ibada tulikuwa na kikao cha baraza. Katibu, mzee mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja anayomwazima mtu, aliuliza habari za sauti ya kwanza. Akakumbusha kwamba tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tano itasomwa orodha ya waliopoa kiimani, kama ilivyo desturi yetu, na aliyesomwa huondolewa kwenye huduma yoyote mpaka atubu mbele ya kanisa.

Niliona macho yote yamenigeukia. Nikasimama nikasema, "Kabla mvua hizi hazijaisha, wifi yangu atakuwa amekaa kwenye kiti chake. Mniandike."

Katibu akaandika kweli.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeharibu.

Nilichukua akina mama wawili wa kamati, tukaenda kwa wifi saa kumi jioni bila kumwambia. Tulisimama kibarazani tukaanza kuimba wimbo anaoupenda kuliko zote. Alifungua mlango akasimama pale, kanga begani, akatusikiliza mpaka ubeti wa mwisho. Akawakaribisha wenzangu, akawapa viti, akawauliza habari za watoto. Kisha akaniita jikoni nimsaidie kubeba vikombe, na vikombe havikuwa hata vimetolewa.

Alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Wifi, umeniletea mkutano."

Nikamwambia tumekuja kwa upendo. Nikamwambia ninajua kilichotokea, kwamba Mungu ana mpango wake hata pale tusipoelewa.

"Kamwambie yule mtoto," akasema.

Nikamwambia asimkasirikie Mungu. Hapo aliniangalia kama ninavyomwona akiwaangalia wagonjwa, bila hasira kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sina hasira, wifi. Ningekuwa na hasira ningekuwa bado naongea naye. Niliomba kwa sauti yangu yote, mkono wangu juu yake, na ilikuwa kama kuongea na simu iliyokatika. Tangu siku ile nikifungua mdomo, hata wimbo hautoki. Sasa nije nikae mbele yenu nichezeshe midomo?"

Mimi, mwenye vitambaa vya rangi, nilisimama nimeshika kopo la sukari mpaka akanipokonya taratibu. Tuliondoka bila chai. Njiani akina mama wale waliniuliza amesemaje, nikawaambia anaumwa kichwa. Huo ni uongo, na naukiri hapa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Sijambo. Sina la kuandika.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua, na nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Jumapili, 21 Aprili

Hakuja. Wakati wa chakula nililalamika weee. Kwamba nimejitahidi, kwamba ananiaibisha, kwamba nimeahidi mbele ya baraza zima. Mume wangu alikula mpaka akamaliza, akasukuma sahani.

"Mke wangu, unataka dada yangu arudi, au unataka wewe usishindwe?"

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye cherehani. Sikushona. Nilikanyaga tu, sindano ikapanda na kushuka bila kitambaa.

Nimekaa na swali hilo tangu mchana. Naliandika jibu kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nilitaka nisishindwe.

Jumanne, 23 Aprili

Leo nataka kuandika kila kitu.

Kliniki waliniagiza mapazia ya kutenganisha vitanda vya wazazi. Nilikwenda kupima asubuhi, nimejiambia nitapima na kuondoka, sitasema neno la dini hata nikibanwa. Mvua ilikuwa imefunga njia, mfanya usafi hakufika, na kati ya wauguzi watatu alikuwepo mmoja na wifi. Niliingia nikamkuta wifi amepiga magoti anafuta sakafu, kisha akasimama akanawa hadi kwenye viwiko, akaenda kumpima mama mmoja mapigo ya moyo wa mtoto, akarudi kutandika kitanda. Nimemjua tangu siku nilipoolewa na sikuwahi kumwona akifanya kazi. Hana haraka, lakini hakuna mahali anapochelewa. Kila mgonjwa anamwita kwa namna yake: huyu "mama mtu mzima", huyu "dada mpole", mmoja mwenye kelele "mwenyekiti". Walicheka wakiwa na uchungu.

Kwenye kitanda cha mwisho alikuwepo binti mdogo wa miaka kumi na tisa, labda ishirini, peke yake. Mimi nilikuwa juu ya stuli na futi yangu ya kupimia. Uchungu ulipomzidi alimshika wifi mkono akamwambia, "Niombee. Nesi, niombee, naogopa."

Wifi aliinua mkono wa pili kuelekea paji la uso wa binti, akaushusha. Nilijua sasa ni kwa nini, na nikatamani nimwokoe asiaibike, lakini nilikuwa nimeapa kutosema. Akageuka akanitazama pale juu ya stuli.

"Huyu ni wifi yangu," akamwambia binti. "Yeye ataomba. Mimi nitakushika, na sitakuachia."

Nilishuka. Nimeomba kwenye misiba, kwenye harusi, mbele ya maaskofu. Sijawahi kuomba vile. Nilisema, "Bwana, uwe hapa," kisha maneno yakaisha, nikarudia hayo hayo. Wifi alikuwa amemshika yule binti kama alivyosema, na mikono yake ilikuwa imara kama ukuta wa kanisa. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Binti alilia. Mimi nililia. Wifi akasema, "Futi yako imeanguka kwenye beseni."

Nimerudi nyumbani nimelowa, nimekaa na mume wangu, nikamwambia dada yake ni mtu mkubwa. Akasema, "Ndiyo." Kisha akaongeza, "Ulikuwa hujui?"

Jumapili, 28 Aprili

Hakuja, na leo nimejua anakuwa wapi.

Nilikaa safu moja na mama mzazi wa mpaka rangi, bibi wa yule mtoto aliyeachwa. Nilimsalimu nikamuuliza mjukuu anakaa na nani wakati yeye yuko hapa. Akashangaa nisijue. Anakaa na mkunga. Kila Jumapili wifi hufika kwao asubuhi, humpima mtoto, humwogesha, humlisha, hubaki naye mpaka bibi arudi. Anamwita yule mtoto Mgeni, maana bado hajapewa jina. Baba yake hajaweza kulitamka jina lolote. Bibi alitaka kuacha kuja kanisani ili amtunze, ndipo wifi akamwambia, "Nenda, mama. Mimi sina pa kwenda saa hizo."

Jumapili zote zile nilizomwandika hayupo. Alikuwa amempisha mtu mwingine aje.

Nilikaa nikasikia kwaya, wala sikusikia kilichopungua.

Jumapili, 5 Mei

Leo mimi ndiye sikuwa kanisani, mara ya kwanza tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho. Nilikwenda kwa mpaka rangi. Wifi alifungua mlango, mtoto begani, akaangalia nyuma yangu kama kuna kwaya.

"Niko peke yangu," nikamwambia. "Kuna nguo za kufua?"

Zilikuwepo. Nepi za siku mbili, maana kwa mvua hii hazikauki. Nilifua, yeye akasuuza kwa mkono mmoja. Mpaka rangi alikuwa ameketi chumba cha pili, alinisalimu tu. Kisha wifi mwenyewe akaanza kuongea. Alisema anachokikosa si mahubiri, ni kuimba. Kwamba anaweza kutembea njia nzima na sauti zote nne zinalia kichwani, ila akifungua mdomo panafungwa. Aliniuliza kama huko ndiko kupotea.

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Miaka tisa iliyopita mimba yangu ilipoharibika ikiwa na miezi saba, niliacha kuomba. Mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa natembelea watu, nawasomea maandiko, narudi nyumbani nafunga mlango na ndani yangu kumekauka. Nilikuwa naomba kwa mdomo tu. Kisha siku moja, sijui kwa nini, nilikuwa natoboa matundu ya vifungo vya shati, nikajikuta nimesema asante. Basi. Hakuna aliyenihubiria. Mume wangu alikuwa akiniletea chai kwenye cherehani kila siku, miezi yote ile, bila kuuliza.

Wifi aliacha kusuuza. "Kwa nini hukuniambia? Ni mimi niliyekuhudumia siku ile."

"Nilikuwa mwenyekiti," nikasema.

Alianza kucheka, nami nikacheka, mpaka mtoto akashtuka. Tulicheka hadi mpaka rangi akachungulia mlangoni. Sijui mara ya mwisho nyumba ile ilisikia kicheko lini.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Nimepeleka mapazia. Yamekaa vizuri, ya kijani kibichi.

Jumapili, 12 Mei

Kikao cha baraza. Katibu aliitoa orodha, majina sita, akasema Jumapili ijayo anaisoma. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyeshika karatasi, ahadi yangu imefikia wapi.

Nilisimama. Nikamwambia niliahidi kitu ambacho si changu. Nikaeleza wifi yuko wapi kila Jumapili, na bibi wa mtoto akawa shahidi, maana ni mmoja wa wazee na safari hii alikuwepo. Katibu akasema hilo ni jema, lakini matendo ni matendo na imani ni imani, na mtu asiyeweza kuimba wala kuomba amepoa, ndiyo maana ya neno lenyewe.

"Basi niandike na mimi," nikasema. Nikawaambia habari za ule mwaka na nusu. Mbele ya wote. Nikawaambia kwamba wakati ule nilikuja kila Jumapili, nilivaa vizuri, na kama orodha ingekuwa inapima mioyo jina langu lingekuwa la kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nawafuata wengine. "Wifi amekuwa mkweli kuliko mimi. Yeye alikaa nje akafanya kazi. Mimi nilikaa ndani nikafanya ukaguzi."

Nilidhani wataninyang'anya kamati papo hapo. Katibu aliitazama karatasi yake muda mrefu, akaiweka katikati ya meza. "Mimi sitaisoma," akasema. "Aisome mwenye moyo wa kuisoma."

Mchungaji alimwangalia kila mmoja wetu kwa zamu. Hakuna mkono uliosogea. Tukaingia ajenda ya paa linalovuja, karatasi ikiwa pale pale. Tulipoondoka bado ilikuwa mezani.

Nimeliambia baraza zima aibu yangu, na nimelala mchana kama mtoto.

Jumapili, 19 Mei

Orodha haikusomwa. Kamati yetu imepanga zamu ya kukaa na Mgeni saa za ibada, ili wifi asiwe na kizuizi kama siku moja atataka. Hatukumwambia aje. Leo zamu ilikuwa ya mke wa katibu, aliyejitolea mwenyewe. Wifi hakuja. Alikwenda kulala, nasikia, kwa kuwa amekesha kazini. Vizuri. Amelala.

Ijumaa, 24 Mei

Manyunyu tu. Jua kidogo saa nane.

Jumapili, 26 Mei

Amekuja. Tulikuwa tumeshaanza wimbo wa pili. Aliingia na sare ya kazi, katoka zamu ya usiku, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilitoka mbele nikaenda kukaa naye. Hakuimba, wala hakuchezesha midomo. Mahubiri hayajafika robo alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, anakoroma polepole. Katibu aligeuka. Nilimtazama kwa jicho ambalo mume wangu analijua. Akageuka mbele.

Sikumwamsha mpaka mwisho. Bega limekufa ganzi na sijali.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Anga leo ilikuwa safi, barabara inatoa mvuke.

Mpaka rangi alileta mtoto abatizwe. Mwenyewe alikuwa hajaingia kanisani tangu mazishi. Alitembea polepole, shati lina tone la rangi nyeupe kwenye kola, na alikuwa ameshamwomba wifi awe mama wa ubatizo. Wifi alinieleza hilo Alhamisi. Alisema atakubali, lakini hatasema uongo mbele ya watu. Nikamwambia asiseme. Sikuongeza lolote, na sikujiandaa kwa lolote.

Alisimama mbele, mtoto mikononi, ametoka tena kazini na sare ile ile. Mchungaji akauliza maswali yake kwa baba, akajibu kwa shida. Kisha akamgeukia wifi akamuuliza kama anaamini, na kama atamlea mtoto huyu katika imani hiyo.

Wifi alimtazama mtoto, akamtazama mchungaji.

"Mchungaji, jibu zima sina," akasema. "Nina nusu. Siku zingine haifiki nusu. Lakini mtoto huyu sitamwacha, na nikiwa naye kuna mtu ninahisi yuko nasi, ingawa bado siwezi kuongea naye. Kama haitoshi, nitampa mwingine amshike, na sitanung'unika."

Ndipo bibi wa mtoto akasema kutoka safu ya tatu, sauti yake ya kawaida kabisa, "Nusu iliyobaki tunayo sisi."

Mtu akasema ndiyo. Wengine wakasema ndiyo. Katibu aliinuka, nikakaza meno, akasema, "Iandikwe hivyo," akaketi.

"Basi inatosha," akasema mchungaji.

Baba alitamka jina, nalo ni la mama wa mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilitaja. Maji yalipomgusa, mtoto alipiga ukelele, na wifi akaanza kumbembeleza kama anavyofanya kliniki, akivumavuma puani bila maneno. Wimbo haukuwa wowote tunaoujua. Binti anayeimba sauti ya kwanza kwenye kiti cha wifi tangu aache aliinamisha kichwa, akasikiliza.

Nimewashonea watu wengi nguo za siku kubwa, za hariri na za lesi. Sijawahi kuona mtu akapendeza kama yule mwanamke aliyevaa sare yenye doa la dawa mfukoni. Kando yangu alikaa mama mgeni, amekuja kutembelea ndugu zake. Akaniinamia akaninong'oneza, yule aliyejibu vile ni nani?

Sikunong'ona.

"Yule ni wifi yangu," nikasema.